Pumzi, Kioo na Moto Havithibitishi Almasi

Bonasi ya chai inapolipwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, fedha za wakulima wa Roret, Kericho, zina wenyewe tayari: karo, mabati, ng'ombe wa maziwa, deni la mbolea. Pale ambapo kuna harusi inayokaribia, huongezeka pete. Desturi ya Wakipsigis yenyewe haikudai jiwe. Koito ni mazungumzo ya koo mbili na hesabu ya mifugo, na katika ndoa ya kimila maharusi hufungana majani ya segutiet kwenye kifundo cha mkono. Pete ilikuja na kanisa, na jiwe juu ya pete likaja na matangazo ya biashara. Basi mtu anayenunua almasi leo Kericho, Litein au Nairobi hana urithi wa maarifa wa kumsaidia. Mkulima yuleyule anayemtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama masikio, na anayejua majani yaliyochumwa jana kwa kuyashika tu, akipewa pete hushika maarifa ya kuokoteza: ipulizie pumzi, ikwaruze kwenye kioo, itumbukize majini, ichome kwa moto. Hoja yangu ni kwamba majaribio haya yote yana kasoro ya aina moja. Yanaweza kulikataa jiwe lisilo almasi, tena mara chache, lakini hakuna hata moja linaloweza kulithibitisha jiwe kuwa almasi. Sasa kwa kuwa almasi zinatengenezwa viwandani, hata vyombo vya sonara vimefika mahali vinahitaji kusaidiwa na neno la muuzaji lililoandikwa na kutiwa sahihi.

Tuanze na pumzi, kwa kuwa ndilo jaribio linalopendwa kuliko mengine. Inasemwa kuwa almasi ikipuliziwa haishiki ukungu, au ukungu huondoka mara moja. Chanzo chake ni sayansi ya kweli: almasi hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya shaba, kwa hiyo joto la pumzi husambaa haraka na unyevu hauna pa kutulia. Ila jiwe la pete ni dogo mno na limeshikwa na chuma. Kinachoamua ukungu utakaa muda gani ni pamoja na ubaridi wa chuma hicho, unyevu wa hewa, na mafuta ya vidole au losheni yaliyoganda juu ya jiwe. Asubuhi ya mwezi Julai, wakati ukungu umelala juu ya mashamba na kidole chenyewe ni cha baridi, almasi halali inaweza kushika unyevu kwa muda wa kumtia mtu shaka. Saa nane mchana, ndani ya duka lenye jua, kipande cha kioo kinaweza kukauka upesi kikasifiwa. Jaribio linalobadilisha jibu kwa saa na hali ya hewa haliwezi kubeba uzito wa mshahara wa miezi mitatu.

Kioo nacho kinawapotosha watu kwa njia nyingine. Ni kweli kwamba almasi ni ngumu kuliko madini yote. Katika kipimo cha Mohs imepewa 10, na yakuti inayofuata ina 9. Namba hizo hupanga safu tu, hazionyeshi pengo: kwa vipimo vya moja kwa moja vya ugumu, almasi inaizidi yakuti karibu mara nne. Lakini kioo cha dirisha kina ugumu wa kama 5.5. Kwazi, lile jiwe la kawaida lenye ugumu wa 7, hukikwaruza. Topazi yenye 8 hukikwaruza. Zirkonia, ambayo ndiyo almasi bandia iliyoenea zaidi duniani tangu ilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1970, ina zaidi ya 8, nayo hukikwaruza. Kwa hiyo mtu akiona mstari kwenye kioo amejifunza jambo moja tu, kwamba jiwe lake si laini. Na ameihatarisha mali kwa ajili ya habari hiyo ndogo. Ugumu si uimara. Almasi ina pande nne ambazo inaweza kupasukia kwa pigo moja lililoelekezwa vibaya, na wachongaji wamezitumia pande hizo kuigawa almasi tangu zamani. Ukingo mwembamba wa jiwe ukibanwa dhidi ya kioo unaweza kumeguka, na pete iliyoingia kwenye jaribio ikiwa nzima itoke ikiwa na kovu.

Jaribio la maji nitalipita haraka. Karibu kila jiwe huzama, kioo huzama, na pete yenyewe ya dhahabu ingezamisha hata kizibo. Moto unahitaji onyo badala ya uchambuzi. Wapo wanaopasha jiwe kwa kiberiti cha gesi kisha kulitupa kwenye maji baridi, wakingoja lipasuke kama ni bandia. Almasi ni kaboni tupu, kitu ambacho Smithson Tennant alikithibitisha mwaka 1797 kwa kuiunguza na kupima gesi iliyotoka. Kwenye hewa ya kawaida huanza kuungua uso inapokaribia nyuzi 800 za Selsiasi, ikabaki na utando mweupe kama jicho lenye mtoto. Ndiyo maana sonara stadi anayeunganisha chuma karibu na almasi huipaka kwanza asidi ya boriki ili hewa isiifikie. Jiwe lenye ufa wa ndani, au lililojazwa dawa inayofanana na kioo ili ufa usionekane, linaweza kuharibika kabisa kwa mshtuko wa baridi. Anayechoma pete ili aijue atakuwa ameipoteza, na jibu hajalipata.

Kuna dalili ambazo hazina madhara na zina thamani, nami nazitetea mradi zisipewe kazi isiyo yake. Geuza pete utazame muhuri wa chuma. Namba 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni ya karati 14, na 925 ni fedha. Almasi kubwa ya bei ghali iliyowekwa kwenye fedha si jambo lisilowezekana, ila ni sababu ya kuuliza, kwa kuwa mtengenezaji aliyegharamia jiwe mara nyingi hagombani na gharama ya chuma. Kisha tafuta lenzi ya kukuza mara 10, ambayo ni chombo cha bei nafuu kuliko vyote vya kazi hii. Pete iliyovaliwa miaka mingi ikiwa na zirkonia huonyesha kingo za michongo zilizochakaa na kuviringika, wakati kingo za almasi hubaki kali. Moisanaiti, ambayo kikemia ni kaboni na silikoni, inapotazamwa kwa lenzi kupitia upande huonyesha kingo za nyuma zikiwa mbilimbili, kana kwamba macho yamelewa, kwa sababu huupasua mwanga katika njia mbili. Almasi haifanyi hivyo. Jiwe likiwa halijafungwa kwenye chuma, mizani nayo husema: almasi ya mviringo yenye upana wa milimita 6.5 hukaribia karati 1, yaani gramu 0.2, lakini zirkonia ya ukubwa huohuo huwa na uzito wa kama karati 1.7. Angalia sasa jinsi dalili hizi zinavyozungumza. Kingo zilizochakaa zinasema “si almasi”. Kingo mbilimbili zinasema “si almasi”. Uzito uliozidi unasema “si almasi”. Zikikosekana zote, jiwe limebaki kuwa mtuhumiwa ambaye bado hajapatikana na hatia, na huyo si sawa na mtu aliyethibitishwa kuwa mwema.

Hapo ndipo watu hukimbilia kalamu ya umeme, kile chombo kidogo chenye ncha inayopashwa moto ambacho hulia kinapogusa almasi. Mtu anaweza kukinunua mtandaoni na kukipokea Litein ndani ya siku chache, na wauzaji hupenda kukiliza mbele ya mteja. Kinafanya kazi kwa kupima jinsi jiwe linavyoinyonya ncha joto. Dhidi ya kioo na zirkonia ni chombo kizuri sana. Kisha mwaka 1998 moisanaiti ikaingia sokoni kama kito. Madini hayo yalikuwa yamegunduliwa na Mfaransa Henri Moissan mwaka 1893 katika vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona, na kwa karne nzima hayakuwa na maana kwa mnunuzi wa pete. Yalipotengenezwa kiwandani yakiwa safi, kalamu zikayalilia kama almasi, kwa kuwa nayo hupitisha joto vizuri. Watengenezaji wakaongeza kipimo cha pili, cha umeme, kwa sababu moisanaiti nyingi hupitisha umeme na almasi nyingi hazipitishi. Neno “nyingi” limebeba mzigo mzito katika sentensi hiyo. Zipo almasi za bluu zinazopitisha umeme, na zipo moisanaiti zinazopitisha kidogo mno. Ncha ikigusa ukucha wa dhahabu badala ya jiwe, chombo husoma chuma. Hata kikisomwa sawasawa, kinajibu swali moja tu la kwanza: hii ni almasi au ni kitu kingine?

Swali la pili ndilo lililobadilisha biashara yote. Mwezi Februari 1955 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kuwa imetengeneza almasi kwa shinikizo na joto kali. Kwa miongo mingi mawe hayo yalikuwa ya kukatia vyuma. Siku hizi yanatoka maabara yakiwa meupe, makubwa na safi, mengine yakikuzwa tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi. Hayo si bandia. Ni kaboni ileile, katika mpangilio uleule, yenye ugumu uleule, na kalamu huyalilia kwa haki. Wasomaji wa nchi ya chai wana mfano wa karibu. Taasisi ya utafiti wa chai iliyopo Kericho imewapa wakulima miche ya kloni, TRFK 6/8 ikiwa maarufu kuliko nyingine, na mwaka 2011 ikawaletea chai ya zambarau. Hakuna anayethubutu kusema kloni si chai kwa kuwa imetoka mikononi mwa watafiti. Kwa kiwango hicho mfano unatosha, lakini kwenye bei unavunjika. Jani la kloni halipotezi thamani kiwandani kwa sababu ya asili yake, ilhali almasi ya maabara imeporomoka. Kampuni ya De Beers ilipoanza kuuza mawe ya maabara mwaka 2018 kwa jina la Lightbox iliyaweka kwenye dola 800 kwa karati, miaka michache baadaye ikashusha bei hiyo, na mwaka 2025 ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Anayeuziwa jiwe la maabara kwa bei ya jiwe la ardhini hajauziwa kitu feki, na hata hivyo ameibiwa.

Kulitambua jiwe la maabara kwa macho haiwezekani, hata kwa macho ya sonara wa miaka 40. Sehemu kubwa ya almasi za ardhini, karibu 98 kwa kila 100, zina chembe za naitrojeni zilizojipanga kwa namna inayohitaji mamilioni ya miaka ya joto la ndani kabisa ya ardhi. Mawe mengi ya maabara hayana naitrojeni hiyo. Mashine za kuchuja hutumia mwanga usioonekana kwa macho kuitafuta. Zikiipata, hulipitisha jiwe kuwa la ardhini. Zisipoipata, hazitangazi kuwa ni la maabara, maana zipo pia almasi chache za ardhini zisizo na naitrojeni. Zinachosema ni kwamba jiwe hili lipelekwe likachunguzwe zaidi. Naiheshimu sana tabia hiyo ya mashine. Chombo cha thamani kubwa, kilichoundwa na watu wanaojua kazi yao, kinakubali mpaka wa ushahidi wake, wakati pumzi ya jirani inatoa hukumu papo hapo.

Hata hapo tumejibu maswali mawili, na la tatu, la thamani, haliko ndani ya jiwe. Historia ya almasi yetu wenyewe ya Afrika Mashariki inaonyesha hivyo. Mgodi wa Mwadui, Shinyanga, aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940, ulitoa mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo lilikuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na baadaye likachongwa. Mgodi huohuo ukatoa jiwe lililochongwa hadi karati 11.15 na kuuzwa Hong Kong mwezi Oktoba 2022 kwa zaidi ya dola milioni 57. Katikati ya sifa hizo, mwezi Septemba 2017 serikali ya Tanzania ilizuia shehena ya almasi za Mwadui katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ikidai kuwa thamani yake imetajwa chini mno, na kampuni inayoendesha mgodi ikajibu kuwa tathmini ya awali hufanywa na wakala wa serikali yenyewe. Hakuna upande uliosema mawe yale si halali. Wataalamu wa dola na wa kampuni, wakiwa na mizani na mikataba, walivutana juu ya bei ya almasi ambazo kila mmoja alikubali ni almasi. Mnunuzi wa Roret akiambiwa “hii ni almasi halisi”, hata ikiwa kweli, bado hajaambiwa kama shilingi 150,000 ni bei yake. Rangi, usafi, mchongo na uzito huamua hilo, na mambo hayo yanahitaji cheti cha maabara inayojitegemea, kama GIA iliyoanzishwa Marekani mwaka 1931.

Najua pingamizi litakalofuata: vyeti navyo hughushiwa. Ni kweli, na ni kweli zaidi ya wengi wanavyodhani. Maabara huchora kwa leza namba ya cheti kwenye ukingo wa jiwe, na GIA imeeleza hadharani visa vya mawe ya maabara yaliyochorwa namba za almasi halali za ardhini ili yajifiche ndani ya cheti cha mwingine. Lakini tazama jinsi visa hivyo vilivyogunduliwa: jiwe lilirudishwa maabara, vipimo vyake vikalinganishwa na kumbukumbu, na tofauti za uzito, upana au usafi zikaufichua uongo. Karatasi iliweza kukamatwa ikisema uongo kwa sababu ilisema jambo mahususi. Pumzi haiwezi kukamatwa, maana haijasema lolote. Kwa hiyo ninaposisitiza maandishi sisemi karatasi ni takatifu. Ninataka dai linaloweza kupimwa na mtu mwenye jina la kuulizwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la gharama. Pete nyingi zinazofika kwenye vidole vya watu wa kawaida zina vijiwe vidogo vya sehemu ya kumi ya karati au chini yake, na kumpelekea mtaalamu kila kimoja kungegharimu kuliko pete. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, siku ya kuchuma iliyopotea na ada ya uchunguzi haviendani na pete ya shilingi elfu 30. Nakubali. Kwa pete ya aina hiyo sishauri maabara kabisa. Nashauri sonara mwenye lenzi na kipimo cha joto na umeme, asiye rafiki wa muuzaji, kisha risiti iliyoandikwa vizuri. Gharama ya maneno sahihi kwenye risiti ni wino. Na nchi ya chai haihitaji kufundishwa jambo hili. Mkulima akifikisha majani mawili na chipukizi kwenye kituo cha kununulia haondoki kwa kuamini sauti ya karani. Huondoka na kilo zake zikiwa zimeandikwa, na zisipoandikwa sawasawa kelele zake husikika hadi kiwandani. Chai hiyo ikifika mnada wa Mombasa haiuzwi kwa kusifiwa weusi wake. Huonjwa na watu waliosomea kuonja, na kila shehena huwa na namba na kiwanda cha kuulizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakulima wameuishi usemi huo kwenye kilo tano za majani. Sioni kwa nini wauache mlangoni mwa duka la vito.

Wapo watakaosema kuwa pete ni ya mapenzi, na jiwe likimpendeza bibi harusi asili yake haina haja ya kuchunguzwa. Zirkonia iliyonunuliwa kama zirkonia, kwa bei ya zirkonia, naiheshimu kabisa, na almasi ya maabara iliyonunuliwa kwa jina lake ni kito kizuri ambacho familia inaweza kujivunia. Tatizo huanza mwaka ambao pete inahitajika kuuzwa, mtoto akiwa amefukuzwa shule kwa karo, ndipo mwenye pete anapoambiwa kwenye kaunta kuwa kitu alichokihesabu kama akiba hakinunuliki. Kwa kuwa hakuna aliyeandika alichouza, hana wa kumrudia. Sheria ya Kenya ingemsaidia: Katiba kwenye Kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, Sheria ya Maelezo ya Biashara, Sura ya 505, inafanya kuwa kosa kuipa bidhaa sifa ya uongo, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hata hivyo, hakimu ataanza kwa kuuliza muuzaji alisema nini, na risiti iliyoandikwa “pete moja” itakuwa imemjibu kwa niaba ya muuzaji.

Basi haya ndiyo maneno ya kudai kabla ya fedha kutoka, yawe kwenye risiti yenye jina la duka, tarehe na sahihi: aina ya chuma na karati zake, neno “almasi” likifuatwa na “ya ardhini” au “ya maabara”, lisiachwe peke yake, uzito wa jiwe la katikati na jumla ya uzito wa vijiwe vya pembeni, namba ya cheti, kama kipo, nayo isomwe kwenye ukingo wa jiwe kwa lenzi mbele ya mnunuzi, kama jiwe limejazwa ufa au limebadilishwa rangi, na ahadi kuwa fedha zitarudishwa zote ndani ya siku 30 uchunguzi wa mtaalamu ukikanusha lolote kati ya hayo. Muuzaji mwenye almasi ya kweli atachukua dakika tano kuyaandika. Akikubali kuyasema yote kwa mdomo na kukataa neno “ardhini” pekee, mwachie pete yake mezani na ubaki na bonasi yako.